Naomba ushauri: tumbo la sungura wetu lilisimama ghafla, sasa namrudishaje kula?

Mama Pendo, Lanet
Hamjambo wapendwa. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kuuguza sungura. Huyu si wa nyama, ni wa binti yangu, jike mweupe mwenye masikio ya kijivu, bado hajafikisha miaka miwili. Jioni alikula vizuri tu. Asubuhi tukamkuta amejikunyata pembeni ya kizimba, mgongo umeinuka, macho nusu yamefumba, anasaga meno. Nikamletea mchicha ambao kwa kawaida huninyang'anya mkononi, akageuza kichwa. Chini ya wavu hapakuwa na hata punje moja ya kinyesi.

Daktari wa mifugo alimpapasa, akasema hakuna kilichoziba ila tumbo limesimama, yaani utumbo umeacha kusukuma chakula. Alimdunga sindano ya maumivu na ya kusukuma utumbo, akampa maji chini ya ngozi. Sasa tuko naye nyumbani. Anatafuna unyasi mmoja, anaacha. Kinyesi kimeanza kutoka lakini ni punje ndogo, kavu, zilizopinda.

Je, nimlishe kwa sirinji au nimwache ale akitaka? Jirani ananiambia nimpe amoksilini iliyobaki ya watoto ili "kumaliza ugonjwa". Halafu ana dada yake waliyezaliwa pamoja, niwatenge? Na baridi ya usiku ya huku inanitia wasiwasi.

Mkulima wa Bahati
Pole sana mama. Mpe karoti na ndizi mbivu apate nguvu, hivyo hawezi kukataa.

Mfugaji wa Njoro
Mama Pendo, pole, na hongera kwa kumkimbiza kwa daktari asubuhi hiyo hiyo. Sungura akikaa muda wa saa kumi na mbili bila kula wala kutoa kinyesi si wa kusubiriwa.

Hiyo amoksilini iweke mbali kabisa. Nimeona ikiua. Sungura humeng'enya nyasi kwa msaada wa bakteria walio kwenye utumbo kipofu, ule mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Amoksilini, ampisilini au klindamisini ikipita mdomoni inawaua hao wazuri, wabaya wanabaki na nafasi yote, wanatoa sumu, mnyama anaanza kuhara na siku chache baadaye mnamzika. Zipo dawa za bakteria zinazomfaa sungura, lakini ni za kuandikiwa na daktari aliyemwona, tena kwa ugonjwa unaozihitaji.

Karoti na ndizi pia ziache kwa sasa, samahani ndugu wa Bahati. Sukari inachacha tumboni na kuleta gesi, na gesi ndiyo inayomuumiza, na akiumia hataki kula, na asipokula utumbo unazidi kulala. Huo mzunguko ndio mnaopigana nao. Kwa hiyo dawa ya maumivu aliyoandikiwa msiikatize eti kwa sababu anaonekana mchangamfu.

Nyasi kavu ndizo zinazousukuma utumbo wake. Kwa sungura mzima ziwe kama asilimia 80 ya chakula. Tafuta za Rhodes, zenye rangi ya kijani na kunukia, zisiwe na vumbi wala ukungu. Mwekee rundo karibu na anapolala asisumbuke kutembea. Majani mpe dania, kishonanguo, majani ya karoti, hata yakiwa na maji ya kuoshea ni sawa, yanamwongezea unyevu. Kabichi subiri. Nyasi mbichi zilizolundikwa hadi zikapata joto usimpe kamwe.

Kama mwenyewe hajala vya kutosha, ndiyo, tumia sirinji isiyo na sindano. Loweka peleti, kile chakula cha sungura cha punje kinachouzwa dukani, kwenye maji vuguvugu hadi ziwe uji mwepesi. Mzungushie taulo, akae kwa miguu yake, usimlaze chali. Ncha ya sirinji ipitie ubavuni mwa mdomo, kwenye ule mwanya nyuma ya meno ya mbele. Toa mililita moja, ngoja atafune ameze, ndipo uongeze. Ukimmiminia kwa pupa uji unaingia mapafuni. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Ila tumbo likivimba na kukaza, usimlishe chochote, rudi kwa daktari saa hiyo hiyo.

Msaidizi wa Mifugo, Kisumu
Naongeza kuhusu baridi. Joto la sungura mwenye afya ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Mgonjwa wa tumbo akishuka chini ya 38, hiyo ni hatari kubwa. Shika masikio: yakiwa baridi na amelegea, mpashe joto kwanza kabla ya kumlisha. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa leso inatosha, ila awe na nafasi ya kuisogelea au kuihama. Mlete ndani usiku.

Dada yake usimtenge mbali, upweke nao unamkosesha hamu ya kula, na wakikaa mbalimbali muda mrefu wanaweza kupigana wakirudishwa. Weka wavu katikati waonane na kunusana, na wewe ujue kinyesi ni cha nani. Peleka kinyesi kidogo maabara kipimwe kokosidia, vimelea vya utumbo, maana ikipatikana wote wawili watahitaji dawa. Mwombe daktari amtazame pia magego. Meno ya sungura hukua maisha yote, yakitoa ncha kali yanamkata ulimi, na tumbo litasimama tena.

Mama Pendo, Lanet
Mungu awabariki. Jirani nimemweleza, ameelewa. Uji wa peleti ameukubali, mwanzo alitema, sasa analamba ncha ya sirinji mwenyewe. Nitajuaje kwamba niache kumlisha? Na leo alfajiri nimeona kitu laini, cheusi, kimeshikana na kinang'aa. Ni kuhara?

Mfugaji wa Njoro
Kama kimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu, hicho si kuhara, ni kinyesi chake cha usiku ambacho hukila tena kupata vitamini. Usimzuie. Kuhara ni majimaji yanayochafua manyoya ya nyuma.

Mpime kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni, ndani ya beseni, na binti aandike. Uzito ukitulia, punje zikawa kubwa, za mviringo, na ukizivunja unaona nyuzi za nyasi, punguza sirinji taratibu. Maji mwekee kwenye bakuli zito, wengi hunywa zaidi humo kuliko kwenye chupa ya kuning'inia. Peleti baadaye zisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku.

Mkulima wa Bahati
Nimejifunza, ahsanteni. Mama Pendo, nina marobota ya Rhodes ya msimu huu. Ukipita Bahati nitakugawia moja bure, la huyo mgonjwa.