Msimu wa F2 2018: gari moja kwa wote, Russell akampiga Norris. Sasa nani bora?

KijanaWaMabatini
Wakuu habari za jioni. Jana kwenye kibanda cha mpira huku Nyakato, Mwanza, tulibishana mpaka mwenye kibanda akazima dekoda, nimeona bora nilete huku penye watu wengi. Mada ni msimu wa Formula 2 wa mwaka 2018. Kwa wasiofuatilia, F2 ni ngazi moja chini ya Formula 1, vigari vya kiti kimoja tairi ziko nje nje, ila kule F1 kila timu inajiundia gari lake na huku wote wanapewa lile lile: bodi ya Dallara, injini ya Mecachrome V6 turbo lita 3.4, tairi za Pirelli, na injini huruhusiwi kuifungua. Mwaka ule Russell kachukua ubingwa kwa pointi 287, Norris wa pili 219, Albon wa tatu 212, na 2019 wote watatu wakapanda F1. Halafu 2025 Norris anakuwa bingwa wa dunia wa F1, na Russell mpaka hapo hajaonja. Hoja yangu ni fupi: gari likiwa moja ndipo ukweli unaonekana, kwa hiyo bora ni Russell, na kilichochukua ubingwa 2025 ni gari la timu yake, McLaren. Karibuni, matusi hapana.

PapaiLaBuzuruga
Matusi hapana wakati uzi wenyewe ni tusi. Norris kampiga Verstappen kwa pointi 2 mbio ya mwisho, mwenzake wa McLaren, Piastri, alikuwa na gari hilo hilo na kaishia wa tatu, wewe unaniletea habari za shule ya msingi. Kwani wewe darasa la nne ulikuwa wa ngapi?

KijanaWaMabatini
Wa pili. Ndio maana nakumbuka wa kwanza alikuwa ananizidi.

SpanaNamba10
Mleta uzi unavyosema "gari moja" inaonekana hujawahi kushika spana. Mimi natengeneza pikipiki mwaka wa kumi na moja huu, nakuletea Boxer mbili zimetoka dukani siku moja rangi moja, baada ya miezi mitatu moja inaimba nyingine inakohoa. Gari moja ni siku ya kukabidhiwa tu. Injini kweli hawafungui, lakini springi, shokapu, mlalo wa mabawa, upepo wa tairi vyote ni akili ya timu. Russell alikuwa timu ya ART, wale ndio waliompa Rosberg ubingwa 2005 na Hamilton 2006 enzi hizo inaitwa GP2. Mpe Norris mafundi wa ART uone.

KijanaWaMabatini
Jack Aitken alikuwa ART hiyo hiyo, mwaka huo huo, kamaliza wa 11. Kwa hiyo hao mafundi walikuwa wanampenda Russell peke yake? Na kingine fundi, ubingwa wa timu 2018 haukwenda ART, ulikwenda Carlin. Carlin timu ya nani? Ya Norris.

SatoMbichi
hahaha fundi kakatiwa mafuta

SpanaNamba10
Sijakatiwa chochote. Wewe Sato sura yako kama naijua, si wewe uliyeleta pikipiki bila oili ukasema inalia "kidogo tu"?

SatoMbichi
Sikuwa mimi. Ila kuna fundi mmoja wa huko kwenu, simtaji, kaburueta yangu aliirudisha na skrubu mbili zimebaki mkononi akasema hizo ni za ziada 😂

SpanaNamba10
Nyingine zinakuwaga za ziada kweli. Turudi kwenye hoja. Nyie wa gari moja mmesahau habari ya klachi. Lile gari 2018 lilikuwa jipya, na mnaofuatilia mnajua lilivyokuwa linawazimikia kwenye mstari wa kuanzia, taa zinazima watu wanaondoka, mmoja kabaki kama daladala ya Igoma iliyoishiwa mafuta kwenye mzunguko. Ikafika mahali Austria na Silverstone waandaaji wakasema basi, anzeni mkiwa mnatembea, msisimame. Halafu angalia Albon. Raundi ya mwisho Abu Dhabi, kihesabu bado yumo, Jumamosi taa zinazima gari lake halitoki. Waliokuwa nyuma wanamkwepa kushoto wengine kulia, yeye amekaa pale kwenye kiti anasubiri asigongwe. Russell kashinda mbio hiyo na ubingwa juu. Sasa nambie kwa Albon lilikuwa gari moja hilo?

MzeeWaCapripoint
Vijana mnabishana kitu ambacho hakina ubishi. Zamani dereva ndiye aliyekuwa dereva. Hamilton alipochukua GP2 2005 mvua inanyesha hakuna aliyesema klachi.

KijanaWaMabatini
Shikamoo mzee. Hamilton ni 2006, fundi kashaandika hapo juu.

MzeeWaCapripoint
Marahaba. Mwaka si hoja.

BwiruKwanza
Mimi nimepita tu ila Norris msimu ule alishinda mbio moja. MOJA. Ya kwanza kabisa, Bahrain, baada ya hapo mbio 23 zilizobaki hakuona tena. Russell saba, Albon nne. Albon mwenyewe aliingia timu ya DAMS hana hata mkataba wa msimu mzima, anaendesha kama kibarua wa siku, na bado kakaribia kumshusha Norris. Huyo Norris kawa wa pili kwa kuokota okota.

PapaiLaBuzuruga
Kuokota okota ndio nini? Kumaliza wa pili wa tatu kila wikiendi ni kuokota? Nenda kaokote na wewe. Halafu hamwelezi watu kwamba msimu ule Jumapili walikuwa wanageuza, wa nane wa Jumamosi alikuwa anaanza mbele na mshindi anaanza wa nane. Kwenye mfumo kama huo kuhesabu ushindi ni kama kuhesabu samaki waliorukia mtumbwini wenyewe.

MamaDagaa_Kirumba
Samahanini wanangu naingilia, mimi hayo magari nayaona tu kwenye simu ya kijana wangu. Ila hilo la chombo kimoja kwa wote limenigusa maana ndio kilio chetu huku mwaloni kwenye mashindano ya mitumbwi. Mtu anakuja na mtumbwi mpya, mwepesi, mbao zimekauka vizuri, umepakwa rangi juzi. Mwingine anakuja na ule ule aliovulia dagaa mwaka mzima, umekunywa maji mpaka watu wanane hawaubebi. Wakifika tunashangilia eti fulani anajua kasia! Waandaaji wangenunua mitumbwi ya kufanana wakaigawa kwa kura kama hao wazungu, kelele zingeisha. Ingawa hata hivyo wenzetu wa Ukerewe wangepata la kulalamika, wao wazoefu wa machungwa, kasia wanashikia picha.

Mkerewe_OG
Mama umenimwagia chai.

Nilikuwa nasoma habari za Russell zangu kwa utulivu hapa Nansio. Machungwa tunalima ndiyo, na mnayanunua hapo Kirumba mnasema matamu. Lakini kasia? Sisi tumezungukwa na maji pande zote, mtoto anapelekwa kliniki kwa mtumbwi, wewe umeshuka bodaboda ukanunua dagaa kwa ndoo ukajiita mtu wa ziwa. Tuheshimiane.

MamaDagaa_Kirumba
Nimekusema utani mwanangu, umewaka kama karabai. Utani huo mbona wa kila siku. Lakini mwaka jana mlikuwa wa ngapi?

Mkerewe_OG
Naomba nieleze ya mwaka jana maana naona inasambazwa vibaya. Tulikuwa kumi ndani. Hata hatujafika boya la kwanza, ubao wa ubavuni karibu na miguu yangu pamba ikatoka, maji yanaingia kama bomba la mtaani. Dogo mmoja akaacha kasia akawa anachota kwa kidumu cha mafuta ya kula cha lita tano tulichokikata mdomo, chota mwaga, chota mwaga, mpaka mwisho, na hayo maji mengine anatumwagia sisi mgongoni. Tulipiga kasia watu tisa, mtumbwi umezama nusu, na tukawa wa tatu.

SatoMbichi
Wa tatu kati ya mitumbwi mingapi?

Mkerewe_OG
Hiyo haihusiani.

SatoMbichi
😂😂😂 minne wakuu, nilikuwepo, na wa nne ulipinduka

SpanaNamba10
Ona sasa, Mkerewe ndiye Albon wetu. Chombo kimemzimikia. Kwa ushahidi huo huo naomba mleta uzi afute kauli kwamba Russell alikuwa bora, alikuwa na chombo kisichovuja.

KijanaWaMabatini
Fundi unapindisha. Russell naye ilimzimikia msimu ule, si Albon peke yake. Tofauti ni kwamba yeye akiamka anashinda inayofuata. Na mkitaka ushahidi zaidi, De Vries alikuwa wa nne mwaka huo, 2019 kachukua ubingwa wa F2, 2021 kachukua na wa Formula E, ile ya magari ya umeme. Kwa hiyo Russell hakuwashinda vilaza.

BwiruKwanza
Na Latifi alikuwa wa 9 hapo hapo, naye kafika F1. Kwa hiyo 2018 inaonyesha nini? Inaonyesha ukiwa na baba mwenye hela wa tisa ni kama wa kwanza.

PapaiLaBuzuruga
Bwiru leo umeongea kitu cha maana kwa bahati mbaya.

MzeeWaCapripoint
Mimi nauliza, hiyo mitumbwi ya kufanana nani atainunua? Hela ya nani? Tuna barabara za mlimani hazipitiki mvua ikinyesha, mtoto wa mtu anateremka na mawe, nyie mnataka manispaa inunue mitumbwi.

MamaDagaa_Kirumba
Hakuna aliyetaja manispaa baba. Nimesema waandaaji. Wenye kuandaa wanaweka mabango yao makubwa pale, ngoma, maturubai, washindwe mitumbwi sita?

Mkerewe_OG
Na mimi naipinga hiyo ya kufanana, tena kwa nguvu. Mtumbwi ni kazi ya mikono, kila fundi ana mkono wake. Sisi tuna mzee wetu anachonga makasia kwa urefu wa mpigaji, anakusimamisha anakupima mpaka kidevuni. Ukinipa mtumbwi wa dukani na kasia la saizi moja kwa wote umenifunga mikono halafu unasema tumekuwa sawa. Usawa upi huo? Ndio maana hata hiyo F2 siiangalii kama F1, unawaona mafundi wamekatazwa kufungua injini wanabaki kupuliza tairi.

SpanaNamba10
Wabeja sana, yaani asante. Hapo ndipo nilipokuwa nasemea.

KijanaWaMabatini
Fundi wewe ulikuwa unasema gari HALIKUWA moja! Sasa unakubali kwamba lilikuwa moja mpaka linaboa?

SpanaNamba10
Vyote viwili.

MamaDagaa_Kirumba
Mkerewe mwanangu, kulinda fundi wenu nakuelewa. Ila mtumbwi wa fundi wenu ndio uliovuja.

Mkerewe_OG
Haukuvuja kwa sababu ya fundi, ulikaa juani wiki mbili mbao zikaachana kwa sababu walituahirishia tarehe! Mama nakuheshimu kama mzazi ila hapa umenifikisha. Lete vijana wako wa Kirumba, watu kumi, Jumapili, pale pale mwaloni, tukamalize. Sihitaji zawadi. Nataka uwe umesimama ukingoni unaona.

MamaDagaa_Kirumba
Jumapili natoka kanisani saa nne, saa tano tuko pamoja. Vijana ninao, wanabeba magunia kutwa, mikono kama nanga. Andaa nauli ya kurudi Nansio tu.

BwiruKwanza
Mimi nakuja na spika.

SatoMbichi
mimi nitashika boya

PapaiLaBuzuruga
Msimpe Sato boya, atalisogeza.

Mkerewe_OG
Nakuja na mtumbwi wetu mpya, tumeumaliza mwezi uliopita, mvule mtupu.

MamaDagaa_Kirumba
Hee! Wewe mvule mpya na sisi na wa dagaa? Hapana. Mtatumia mtumbwi wetu na ninyi. Mtaenda wa kwanza nyie, tunapima kwa saa ya simu, halafu tunapanda sisi huo huo.

Mkerewe_OG
Huo wenu nimeuona, umeegemea kushoto. Na wa pili kupanda atakuta maji yameshaingia au upepo umegeuka. Saa tano ziwa si la saa sita mama, unajua.

MamaDagaa_Kirumba
Basi mnapanda wa kwanza, nimewapa ziwa la saa tano.

Mkerewe_OG
Na makasia?

MamaDagaa_Kirumba
Yetu.

Mkerewe_OG
Siji.

KijanaWaMabatini
Wakuu, na Russell?

MamaDagaa_Kirumba
Huyo uzito wake kilo ngapi mwanangu, nimepungukiwa mtu mmoja wa nyuma