Nipo Amani, Muheza, nataka kujifunza Kilatini. Nianze na nini?

Kijana wa Amani
Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa. Mimi nipo huku juu Amani, natembeza wageni msituni na siku zisizo na wageni nasaidia kwenye kitalu cha miche. Miti naijua kwa Kiswahili na kwa Kisambaa, lakini wageni wengi wanakuja na majina ya Kilatini mdomoni. Msambu wao wanauita Allanblackia stuhlmannii, mkulo ni Ocotea usambarensis, mtambara Cephalosphaera usambarensis. Hiyo usambarensis nimeshaelewa ni habari ya Usambara, ila mbona mingine inaishia -a, mingine -um, mingine -ii?

Sasa sitaki kuishia kwenye majina. Nataka nikijue Kilatini chenyewe, nifike mahali nasoma maelezo ya zamani ya miti yetu bila kusubiri mtu anitafsirie. Form four nimemaliza, Kiingereza cha kusoma ninacho, intaneti inakamata nikisogea barabarani. Mtu anayeanza kabisa asome nini kwanza, matamshi, sarufi au msamiati? Kuna mtu kaniambia nikariri majedwali yote ya miisho ya maneno ndo niguse sentensi, ni kweli?

Bustani Muheza
Kaka karibu sana, swali zuri hili. Mimi nina kitalu huku chini na nakwambia kwa kazi yako anza na sifa, maana ndizo zinazokusumbua hapo. Kilatini kina jinsia tatu na sifa lazima ifuate jina, sawasawa na sisi tunavyosema mti mzuri, kitabu kizuri. Angalia mazao ya huko huko kwenu Amani, pilipili manga ni Piper nigrum, mdalasini ni Cinnamomum verum, karafuu Syzygium aromaticum, zote sifa zinaishia -um kwa sababu majina hayo hayana uke wala ume. Alizeti ni Helianthus annuus, huyo wa kiume. Mwembe ni Mangifera indica, wa kike.

Halafu uje kwenye mkwaju, Tamarindus indica. Jina linaishia -us ungetegemea indicus, lakini Warumi miti waliihesabu ya kike hata ikiishia -us, kwa hiyo sifa ikabaki indica. Ukishalishika hilo hushangai tena.

Hiyo -ii ya stuhlmannii ni umilikaji, yaani "ya Stuhlmann", yule Mjerumani Franz Stuhlmann aliyewahi kuongoza kituo cha utafiti cha Amani. Na ile -ensis maana yake ya mahali fulani. Ukiwa na sifa, umilikaji na maneno kama mia mbili ya rangi, maumbo na sehemu za mmea, mgeni hakubabaishi. Kitabu cha William Stearn kinaitwa Botanical Latin, cha 1966, kimeandikwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Frateri wa Zamani
Mdogo wangu, Bustani kakueleza vizuri ila wewe umesema unataka kukijua Kilatini chenyewe, basi mimi nitakujibu hilo. Nimekisoma seminari na mpaka leo nakisoma kila jioni nikiwa hapa Tanga mjini, nakipenda kwa kweli.

Kwanza hiyo ya kukariri majedwali yote ndo uguse sentensi, hapana. Nimeona wenzangu wengi wanaimba rosa, rosae, rosam kama kwaya na ukiwapa mistari miwili ya kusoma wanakwama. Jedwali moja, sentensi ishirini za kulitumia, ndo unakwenda jedwali lingine.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni miisho ya majina. Tazama: Agricola arborem caedit, mkulima anakata mti. Sasa pindua, Arborem agricola caedit, bado ni mkulima anakata mti, kwa sababu hiyo -em kwenye arborem ndiyo inayokuambia anayekatwa nani. Ukitaka mti umuue mkulima inabidi ubadilishe miisho yenyewe, Arbor agricolam necat. Hapa sisi Waswahili tusijione wageni, maana na sisi tunasema "mti ameukata mkulima" na hakuna anayedhani mti umemkata mtu, ile -u- ndani ya kitenzi imeshamaliza kazi. Wenzetu kazi hiyo wameiweka mwishoni mwa jina. Keisi, yaani maumbo ya jina yanayoonyesha kazi yake kwenye sentensi, ziko sita na majina yamegawanywa makundi matano, lakini wewe anza na makundi mawili ya kwanza ndo uingie la tatu, ambalo ni gumu na lina maneno mengi sana.

Vitenzi utavifurahia. Amo napenda, amas unapenda, amat anapenda, amamus tunapenda, amatis mnapenda, amant wanapenda. Nafsi imo ndani ya kitenzi kama kwetu, ila wao wanaiweka nyuma. Hata kutendwa kumo humo humo, amatur, anapendwa. Mwingereza analazimika kuongeza neno, wewe huongezi kitu.

Kingine, neno ukiliandika kwenye daftari usiliandike nusu. Jina liandike na umilikaji wake na jinsia, arbor, arboris, la kike. Flos, floris, ua. Nux, nucis, kokwa, na hapo ndo utaelewa mnazi kwa nini ni Cocos nucifera, wenye kuzaa kokwa, ile nuci imetoka kwenye umbo la pili na siyo la kwanza. Kitenzi kiandike maumbo yake manne, caedo, caedere, cecidi, caesum. Usiponisikiliza hapa utakuja kukutana na cecidi kwenye kitabu na utaitafuta kwenye kamusi chini ya c-e mpaka uchoke.

Cha kusoma, tafuta Familia Romana ya Hans Ørberg. Sura 35, zote Kilatini kitupu toka ukurasa wa kwanza, inaanza na sentensi fupi fupi zenye picha na inakupandisha taratibu. Isome kwa sauti. Programu za simu kama Duolingo zitakupa mwanzo tu, kozi yake ya Kilatini ni fupi.

Da Mwana wa Famasia
Ongezeni na hili jamani, nipo Ngamiani nauza dawa. Tulivyosoma tulikaririshwa b.d. ni mara mbili kwa siku, t.d.s. mara tatu, a.c. kabla ya kula, p.c. baada ya kula, basi. Siku hizi wengi wanaandika 1x3 na maisha yanaendelea. Lakini nilipokuja kujua kwamba ni bis die, ter die sumendum, ante cibum, post cibum, yalikaa kichwani na hayajatoka tena. Kwa hiyo kaka wa Amani usidharau vipande vidogo unavyokutana navyo kazini, viandike vyote.

Kijana wa Amani
Asanteni sana wakuu, na dada nashukuru. Naomba kuuliza mawili. Matamshi je? Mgeni mmoja anasema hivi mwingine vile. Na kwenye maelezo ya miti nimekuta mistari haina kitenzi hata kimoja, kama hii: Arbor alta, folia ovata, glabra, flores albi. Nimejaribu: mti mrefu, majani ya umbo la yai yasiyo na vinyweleo, maua meupe. Nimepatia?

Frateri wa Zamani
Umepatia yote. Maelezo ya mimea ndivyo yalivyo, hayahitaji vitenzi, kwa hiyo miisho ndo inabeba kila kitu. Ona folia ni wingi wa folium ndo maana ovata, na flores ni wa kiume wingi ndo maana albi. Na kazi utaikuta ya kutosha, mpaka mwisho wa 2011 mmea mpya ulikuwa lazima uelezwe kwa Kilatini, ndo kuanzia Januari 2012 wakaruhusu na Kiingereza.

Matamshi kuna njia mbili. Ya kanisani caelis ni "chelis", ya kale ni "kailis", na v ya kale inasomwa w. Chagua moja ubaki nayo, mimi ningekushauri ya kale kwa sababu kila herufi ina sauti yake. Irabu ni zetu zilezile tano, ila chunga urefu, malum ya a fupi ni uovu, ya a ndefu ni tofaa.

Bustani Muheza
Na kabla sijalala, lile ua la Usambara lililopewa jina Saintpaulia ionantha mwaka 1893, siku hizi wataalamu wamelihamishia kwenye kundi la Streptocarpus. Ionantha ikageuka ionanthus, kwa sababu Streptocarpus ni wa kiume. Mgeni akikuuliza hilo unalo jibu.

Frateri wa Zamani
Safi. Kijana, kesho niletee hapa silva, msitu, umoja na wingi keisi zote. Na unieleze tofauti ya in silva na in silvam, ukizingatia moja ni kuwa msituni na nyingine ni kuingia.