Tupeane uzoefu: wiki za mwisho kabla ya pepa, mwalimu ulimshikaje mkono mwanafunzi wako (au wewe ulishikwaje)?

Bibo Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni ticha wa sekondari ya kata huku mkoa wa Lindi, wilaya sitaji maana dunia ndogo hii. Mlioko kusini mnajua ikifika Oktoba kinachotokea, korosho zinadondoka na darasa linapukutika nazo. Na hapo hapo form two na form four pepa zao ni Novemba. Yaani kalenda ya NECTA (baraza la mitihani) na kalenda ya mkorosho hazijawahi kukaa kikao kimoja.

Mwaka juzi nilikuwa na dogo mmoja wa form four, ananilalia kila kipindi cha kwanza. Sio kusinzia, kulala kabisa, daftari linalowa mate. Nikamwita mvivu mbele ya wenzake, fimbo pia nilimpa, siwafichi. Sasa siku hiyo nimemwita ubaoni atafute x, kanyanyua mkono kuandika, naona mkono wa shati wote madoa ya bibo, lile tunda la mkorosho, yale ambayo hata Jik haitoi. Jumanne asubuhi. Nikamvuta pembeni baada ya kipindi. Akasema "naokota alfajiri ticha, bibi hawezi kuinama tena." Kumbe anaamka saa kumi usiku, anaokota kwa tochi ya simu mpaka kunapambazuka, halafu shati ni hilo hilo moja, anatembea kuja shule.

Nilichofanya ni kidogo mpaka naona aibu kukiandika. Nilibadilishana vipindi na ticha wa jiografia ili hesabu ije baada ya chai, na dogo akawa anatoka paredi anakuja kulala kwenye benchi ofisini nusu saa, kisha anaingia darasani. Maticha wenzangu walinicheka eti nimefungua gesti. Hesabu akapata D. Mnaweza kuiona ndogo ila kwa shule yetu D ya hesabu watu wanachinja kuku.

Sasa nataka kusikia kwenu, walimu na mliokuwa wanafunzi. Ila kanuni moja, mtu asije hapa na "niliwaombea" akaishia hapo. Sema ulifanya nini. Tiririkeni.

Senene Mbichi

Mkuu nyie korosho, sisi Kagera Novemba ni senene haha. Unaambiwa kesho kuna pepa na usiku huo huo senene wanamwagika, taa zimewashwa kila kona, mabati yamesimamishwa, mapipa chini, na mama anakuita uje ushike mfuko. Nani atasoma? Na ni hela hiyo, asubuhi sokoni inageuka chumvi na sabuni.

Mwalimu wetu wa malezi hakugombana na mtu. Aliita wazazi akawaambia sijaja kuwakataza senene, na mimi nakula, naomba tu watahiniwa walale shule wiki tatu, kila mmoja aje na godoro, mahindi na maharage. Tukalala madarasani, madawati tumeyasukuma ukutani. Usiku wanapita tunawasikia kwenye bati na hakuna kutoka. Ijumaa moja akatuletea sufuria la senene wa kukaanga, akasema haya kuleni muache kunusa dirishani. Nilifaulu kawaida tu lakini lile sufuria sijalisahau.

pwani_tu

Hamjambo nyote, mimi natoka Kilifi, Kenya. KCSE, mtihani wetu wa kumaliza form four, nilifanya 2009, shule ya bodi. Sijui huko Tanzania mna hii, kwetu mtahiniwa alikuwa anatumiwa kadi za success, watu wa nyumbani wakununulie, zingine ukifungua zinaimba. Siku ya maombi zinaletwa kwa boksi mwalimu anasimama asembli anaita majina. Mwenzangu wa kitanda cha juu alipata kumi na nne. Mimi nilijua sina kwa sababu baba alikuwa amefariki mwezi wa tano na mama hajui kusoma, kadi ataijulia wapi. Nikajipanga nyuma kabisa nisionekane.

Nikaitwa. Kadi moja, picha ya maua. Ndani imeandikwa "soma kwa bidii mwanangu, kutoka kwa shangazi yako wa Malindi." Sasa mimi sina shangazi Malindi. Lakini ile g yenye mkia mrefu unaopinda kama ndoana nilikuwa naiona kila siku ubaoni, ni mwandiko wa madam wetu wa Kiswahili. Nilivyochunguza nikakuta wengine watano nao wana mashangazi na maami wapya, mmoja kapata mjomba wa Lamu. Hakuna aliyemwambia madam tumejua. Tulipokutana naye tulikuwa tunasema tu "shangazi yangu wa Malindi anakusalimia" na yeye anajibu "nisalimie pia."

Haya mambo ya siku za maombi na wageni muhula wa tatu serikali ilipiga marufuku 2016 kwa sababu ya wizi wa mitihani, na sababu naielewa. Lakini mimi nilipata shangazi.

Fundi Kitasa

Naona mnaleta mazuri tu, wacha nilete la upande wa pili. 2018, shule siitaji. Mock (mtihani wa majaribio) imetoka, ticha mmoja kasimama paredi na karatasi, akasema "zero watarajiwa piteni mbele." Tukapita kumi na tisa. Akatupanga mstari kama timu ya mpira akawaambia form one watuangalie vizuri ili wasije kuwa sisi. Wakacheka, watoto wale, wengine wa mtaani kwetu.

Nikaenda pepa za mwanzo. Za mwisho mbili sikwenda, nilikuwa nimeshajua majibu. Na hakuna aliyekuja nyumbani kuuliza. Sasa hivi natengeneza milango na vitasa, nakula vizuri, sina kinyongo na mtu. Ila ile paredi nikipita karibu na shule naisikia.

Bibo Kavu

Fundi pole sana ndugu yangu. Nimesoma nikaacha kula. Na niseme ukweli, sijawahi kupanga mtu mstari lakini matokeo nimeshasoma kwa sauti kuanzia wa mwisho, nikidhani nawaamsha.

Kipindi cha Nane

Ticha hapa, miaka kumi na moja kazini. Kwanza niseme kitu hamtakipenda. Mnasema mwalimu amshike mkono mwanafunzi, mimi nani ananishika? Mkondo mmoja nina watoto mia na kitu, madaftari nasahihisha mpaka usiku kwa torchi, na mkuu anataka wastani upande. Kuna Novemba nimefika nimekauka kabisa, sina hata neno zuri la kumpa mtoto. Kwa hiyo sina hadithi za kadi.

Ninachofanya ni viwili. Cha kwanza, wiki tatu za mwisho sifundishi kitu kipya. Nina mwenzangu anamaliza topiki mpaka jioni ya kuamkia pepa, eti silabasi iishe. Iishe kwa nani? Wewe ndo umeimaliza, mtoto kabaki na hofu. Mimi tunafanya pepa za nyuma taratibu, swali moja moja, na wale dhaifu nawachagulia maswali ambayo najua watayaweza, wazoee kuona tiki.

Cha pili ni hii anayosema Fundi, nimeumia kuisoma. Watoto wengi hawajui division, yaani daraja la matokeo, inavyohesabiwa. Wanasikia zero wanadhani ni hukumu ya akili. Mimi namkalisha aliyepata pointi 35 kwenye mock, namwandikia kwenye karatasi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. F saba ni 35, zero. Haya, toa F mbili weka D mbili. Nane kujumlisha ishirini na tano. Thelathini na tatu. Hiyo ni division four, umeshatoka zero. Na D inaanzia 30 kwa mia. Kwa hiyo sikuombi uwe mwingine mwezi huu, nakuomba 30 kwenye Kiswahili na 30 kwenye civics, basi. Unaona uso unabadilika hapo hapo, mtoto anaanza kuuliza "na nikipata C?" Sasa huyo ameanza kusoma mwenyewe.

Sio wote wanatoka, nisiwadanganye. Lakini wote wanakuja kwenye chumba cha mtihani mpaka siku ya mwisho.

Madam wa Zamu

Naomba niandike langu ingawa sio la pepa, ni la baada ya pepa.

Nilifundisha mkoa wa Mara. Form two wamemaliza mtihani wao wa taifa, wanarusha vitabu, wanaandikana mashati, kelele mpaka barabarani. Kuna binti mmoja kabaki darasani anafagia. Sio zamu yake. Kafagia, kapanga madawati, kafuta ubao ambao ulishafutwa. Halafu kaja kunisimamia mlangoni, "madam, naweza kukaa kwako likizo? Nitakuwa nafua na kuchota maji." Nikacheka nikamwambia nenda nyumbani mwanangu ukapumzike. Hakuondoka. Akaangalia chini akasema "mwaka huu ukoo wetu wanatahiri."

Wenye kujua huko wanajua. Desemba shule zimefungwa ndo msimu wenyewe, ukoo ukitangaza mwaka ni ngoma na mabinti wanapelekwa. Watoto wengine wanahesabu siku za likizo kwa furaha, huyu alikuwa anahesabu kama mtu anayesubiri kesi.

Sikumpeleka kwangu, hilo nililijua, wangekuja kumchukua na mimi wakanisema nimeiba mtoto. Nilimpigia mkuu, mkuu akampigia afisa ustawi wa jamii, tukaenda naye dawati la jinsia na watoto la polisi, jioni ile ile akapelekwa nyumba salama na begi lake la shule tu. Sheria ipo tangu 1998, aliye chini ya miaka 18 kumkeketa ni kosa, lakini sheria haijui njia ya kwenda kijijini, lazima mtu aibebe. Baba yake alikuja shuleni kunitukana kwa wiki nzima, usiku walinirushia mawe juu ya bati. Niliogopa, kwa nini niseme uongo. Mwaka uliofuata niliomba uhamisho.

Januari alirudi darasani form three. Hatukuzungumzia, alinipa shikamoo kama kawaida.

Tangu hapo shule yoyote niliyopo, wiki ya mwisho kabla ya kufunga nawauliza mmoja mmoja, wasichana kwa wavulana, maswali mawili. Likizo unaenda wapi, na utakuwa na nani? Nauliza kama stori tu huku nasahihisha. Anayejibu haraka namwacha. Anayechelewa kujibu namwambia kaa.

Senene Mbichi

Madam 🙏 sina la kusema.

mzazi_mmoja

Mimi sio mwalimu ila naomba mtusaidie na mahafali. Ada ilifutwa tangu 2016 tunashukuru, lakini ikija mahafali kuna mchango wa chakula, joho, picha, keki jamani keki ya nini. Mwanangu alijifanya anaumwa siku ile ili nisijisikie vibaya, nikaja kujua Krismasi. Kama kuna ticha hapa anayekaa kwenye kamati, basi mchango wa kila mtu uwe siri, majina ya wasiolipa yasibandikwe kwenye mbao za matangazo.

Kipindi cha Nane

Mzazi hilo naondoka nalo. Sisi tulibandika mwaka jana. Kesho nalitoa kwenye kikao.

Fundi Kitasa

Kipindi cha Nane, naomba kuuliza swali la kijinga. Hiyo ya D mbili. Mimi 2018 Kiswahili nilikuwa napata mpaka 40 kwenye mitihani ya darasani. Ina maana nilikuwa na moja tayari?

Kipindi cha Nane

Sio swali la kijinga. Ndio, hiyo ni D. Ilikuwa imebaki moja.

Fundi Kitasa

Sawa.

Fundi Kitasa

Na mtu wa umri wangu anaweza kurudia? Simaanishi nimeamua, nauliza tu.

Kipindi cha Nane

Unaweza kabisa, unafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka, unaenda kituo cha mtihani kilicho karibu na wewe, wanakuuliza namba yako ya mtihani ya zamani. Sio lazima masomo yote, unaweza kuchagua. Kiswahili na civics nitakusaidia hapa hapa bure, ukikwama niite.

Bibo Kavu

Mrejesho kidogo wakuu. Leo asubuhi nimeongea na mkuu, amekubali vipindi vya hesabu vya form four vihamie baada ya chai mpaka pepa ianze. Benchi la ofisini amekataa, anasema mkaguzi akija itakuwaje. Tunatafuta mkeka uwekwe maktaba.

Fundi Kitasa

Namba ya mtihani nadhani iko kwenye lile begi la mama la vyeti vya kliniki. Jumapili naenda nyumbani nitaangalia.