Naombeni ushauri: niache wanyama nihamie mimea?

Mwanafunzi_Ksm: Wadau, habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza wa uzamili wa biolojia hapa Kisumu, upande wa wanyama. Nataka kuhamia mimea. Masomo ya lazima yamenilemea: jenetiki, ekolojia, fiziolojia, uainishaji wa viumbe. Silali. Mimea ina kazi kweli?

MkulimaSiaya: Ipo tele. Shamba la mama lilijaa kayongo, lile gugu la striga. Mizizi yake hujishika kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya chini kwa chini, mahindi yanadumaa hata mvua ikinyesha vizuri. Tulipopanda desmodiamu, mmea unaolizuia gugu hilo, katikati ya mistari ndipo tukapumua. Aliyetufundisha alisomea mimea.

Nyanya_Milimani: Mjukuu wangu, vijana mnahamahama sana. Maliza ulichoanza.

MwalimuBayo: Umetaja masomo manne, takwimu umeiruka. Kwa nini?

Mwanafunzi_Ksm: Ndiyo hiyo, mwalimu. Nimeianguka mara mbili. Nasikia upande wa mimea haibani sana. Fomu ya kuhama nilipeleka Jumanne, imebaki sahihi ya mkuu wa idara. Msinilaumu. Mama aliuza ng'ombe kulipa karo, nitamwambia nini?

MwalimuBayo: Umedanganywa. Takwimu iko pande zote mbili.

JichoKali_Nakuru: Mimi hadithi hii siiamini. Ng'ombe wa karo kila uzi! Huku Ziwa Nakuru lilipofurika na chumvi kupungua, heroe wengi walikimbilia Ziwa Bogoria, na kila mtu akajiita mtafiti. Wewe umeshika mnyama gani?

Mwanafunzi_Ksm: Fukusi, wale wadudu wanaokula gugumaji, pale ufuo wa Dunga.

JichoKali_Nakuru: Hao hula usiku. Mchana uliwaona wapi?

Mwanafunzi_Ksm: Hujibana katikati ya majani machanga. Ukiyapanua kwa kidole unawakuta, wadogo kama punje ya mchele. Ila nilichohesabu ni makovu yao, vidoa vilivyoparuliwa juu ya jani ambavyo vikikauka hugeuka kahawia. Majani 40 ya ufuoni, 40 ya mbele kwenye maji mengi. Naona ya ufuoni yameliwa zaidi, lakini sijui kulithibitisha.

JichoKali_Nakuru: Samahani, ndugu. Huyu amelowa kweli.

MwalimuBayo: Hapo "sijui kulithibitisha" ndipo takwimu inapoanza! Una makundi mawili: tafuta wastani wa kila moja, uone makovu yanatofautianaje jani kwa jani, kisha fanya jaribio la t, linaloonyesha kama tofauti ya wastani ni ya kweli au ya bahati tu. Jifunze kwa majani yako mwenyewe, achana na mifano ya kitabuni. Na fukusi wako anakula mmea mmoja tu, kwa hiyo hata ukihama mtakutana palepale. Kaiombe hiyo fomu kabla haijatiwa sahihi.

MkulimaSiaya: Na mama mwambie. Wangu nilimficha, akaja kusikia sokoni.

Mwanafunzi_Ksm: Ada ya kurudia mtihani sina, mwalimu. Mkuu wa idara hufika saa mbili asubuhi. Nitakuwa mlangoni na daftari langu la makovu, lakini sijasema nitaichukua fomu.