Mtoto anageuza namba: mchanga, nukta au tumwache akue?

Mama Boti (Kigoma)

Habari za humu ndani. Nina binti wa miaka sita kasoro miezi miwili. Namfundisha mwenyewe nyumbani kwa sababu baba yake ni fundi wa injini za boti na hatutulii mahali pamoja. Leo tupo Kibirizi, mwezi ujao tupo huko kusini mwa ziwa. Kuhesabu hana shida. Mpe fungu la dagaa atakuhesabia mmoja mmoja mpaka mia, akipotea anarudi mwenyewe. Shida ni kuandika. 3 yake ina matumbo upande wa kushoto, 2 inakuwa kama S, 9 ni P kabisa, 7 inatazama kusikotakiwa. Cha ajabu 5 na 6 anaandika sawa.

Nimeshauriwa mengi na kila mtu anaapa lake ndilo. Jirani anasema daftari la nukta, afuatishe kurasa tano kila siku. Shemeji anasema mchanga na kidole, si tuko ufukweni! Mama mkwe anasema niache kumsumbua mtoto, atakua. Na kuna dada anauza kadi za namba za karatasi ya msasa, shilingi elfu kumi na tano. Sina hela wala muda wa kujaribu vyote. Nianze na lipi?

Mwalimu Mstaafu (Tabora)

Mwangaluka mama. Nimekaa na darasa la kwanza miaka mingi, hili nimeliona kila mwaka. Kabla ya miaka saba ni jambo la kawaida, wala halina uhusiano na akili.

Hebu tazama zile anazogeuza: 2, 3, 7, 9. Zote zinatazama kushoto. 5 na 6 zinatazama kulia, ndiyo maana zimesalimika. Sasa angalia herufi kubwa: B, E, F, K, P, R. Karibu zote zinaelekea kulia. Mtoto ameshika kanuni bila kufundishwa, kwamba vitu vya kuandika huelekea kulia, kisha anazilazimisha na hizo namba chache zifuate. Mtafiti wa Ufaransa, Jean-Paul Fischer, ameliandika sana hili. Na kuna jambo la chini zaidi ya hapo: mtumbwi ukiuona ukienda Ujiji au ukirudi, bado ni mtumbwi uleule. Jicho la mtoto limezoea hivyo tangu kuzaliwa. Namba na herufi ndizo za kwanza kumwambia kwamba ukigeuza, umeharibu.

Kuhusu njia zako. Nukta peke yake siipendi. Mtoto anaweza kuanzia chini, akapanda na 3 mpaka juu, ukurasa ukaonekana safi huku mkono umejifunza njia ya kinyume. Kurasa tano! Huyo jirani amewahi kuandika kurasa tano za 3? Mchanga ni bora zaidi, ila si wa ufukweni. Ufukweni mtoto anazunguka, akija upande wa pili 6 imekuwa 9. Chukua sinia, tandaza mchanga mkavu, weka jiwe dogo upande wa kushoto, sinia lisizungushwe. Kila namba kati ya hizo anazogeuza inaanzia upande wa jiwe, juu. Isipokuwa 9, hiyo anza na kichwa, kisha mkia.

Na mpe maneno ya kusema mkono ukitembea. Saba: "tembea, shuka." Mbili: "panda kilima, teremka, lala." Tatu: "tumbo dogo, tumbo kubwa." Namba moja kwa wiki, dakika kumi, basi.

Baba Pacha (Gungu, Kigoma)

Mwalimu shikamoo, ila kwa nukta umeionea. Nina mapacha. Mmoja mchanga ulimfaa, mwingine aligeuza sinia lote kuwa jikoni, akapika ugali humo. Huyu wa pili nilimwekea daftari la nukta, lakini nukta ya kwanza naipaka rangi ya kijani na ya mwisho nyekundu. Haruhusiwi kuanza pengine. Nakaa naye, namba nne tu, tunafunga. Kwa hiyo tatizo si nukta, ni kumwachia mtoto daftari ukaenda zako sokoni.

Mama Boti, jifunze kwa kosa langu: usitumie saa ya ukutani kama mfano wa kunakili. Mimi nilifanya hivyo. Namwonesha 8, ananiambia "hiyo mbili". Nikamkatalia, naye anashangaa, maana kila asubuhi mshale ukifika pale mama yake anasema saa mbili imefika. Tulibishana nusu saa na mtoto ndiye aliyekuwa na haki. Tumia kalenda, au kitochi kilichokufa. Vitufe vina namba zote na anaweza kuvishika.

Mwalimu Mstaafu (Tabora)

Marahaba. Nukta ya kijani naikubali. Ulikuwa umekaa naye, hapo ndipo penyewe.

Binti Ujiji

Samahani, swali. Mtoto anakwenda chuo cha Kurani jioni? Nauliza kwa sababu mdogo wangu alituchanganya hivyohivyo hapa Ujiji. Tulikuja kugundua kwamba juzuu yake ina namba za aya kwa Kiarabu, na nne ya Kiarabu (٤) inafanana na 3 iliyogeuzwa. Sita yake (٦) ukiitazama haraka ni 7. Halafu mistari yote inaanzia kulia. Mtoto hakuwa amekosea, alikuwa anaandika namba za sehemu nyingine.

Mama Boti

Jamani! Ndiyo, tukiwa Kibirizi anakwenda kila siku baada ya alasiri. Sikuwahi kuwaza. Sasa nimwachishe?

Binti Ujiji

Hapana dada, wala usithubutu. Sisi tulitenganisha vifaa tu. Ubao wa chuo ni wa chuo, daftari la nyumbani lina mstari mwekundu pembeni kushoto. Kabla hajaanza anaulizwa: "Leo tunaanzia wapi?" Akionesha kwa kidole ndipo anapewa penseli. Ila zile P na S zake hazitoki chuoni, hapo mwalimu ana haki.

Mvuvi Msomi

Mimi niligeuza mpaka darasa la nne. Shuleni kwetu daftari lilirudi limejaa kalamu nyekundu na mkono umejaa fimbo, na 3 ikaendelea kutazama kulikonipendeza. Kadi za msasa nitazitetea kidogo, ni njia ya Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba ya watoto Roma mwaka 1907. Kidole kinapita juu ya umbo na kulihisi. Lakini elfu kumi na tano ni wizi. Kata boksi, chora namba kwa gundi, nyunyiza mchanga, acha ikauke. Kazi ya jioni moja.

La kumwacha akue, mama mkwe ana nusu ya ukweli. Wengi huacha wenyewe wakizoea kusoma. Ila akifika miaka minane bado anageuza, na silabi hazishiki, au kuna mtu kwenu aliyehangaika na kusoma, hapo tafuta mwalimu wa elimu maalumu amwangalie.

Mama Boti

Swali la mwisho. Juzi nimemwambia aandike kumi na mbili, kaandika 102. Ndiyo yaleyale?

Mwalimu Mstaafu (Tabora)

La, hiyo ni habari nyingine kabisa, tena nzuri. Ameandika alichosikia: kumi, na, mbili. 10, halafu 2. Usimrudishe kwenye sinia kwa hilo. Mfungie vijiti kumi kwa kamba, weka na viwili pembeni, aone kwamba ile 1 ni fungu. Hata wewe unajua, dagaa wa fungu na dagaa wa mmojammoja hawakai sehemu moja kwenye meza.

Mama Boti

Narudi baada ya wiki tatu. Nimefuata sinia na maneno ya mwalimu, na mstari mwekundu wa Binti Ujiji. Daftari la nukta natumia Ijumaa tu, kwa kijani ya Baba Pacha. 7 imenyooka siku ya tatu. Sasa anatembea uani akisema "tembea, shuka" mpaka kuku wamechoka. 2 imenyooka, labda mara moja kwa kumi inarudi kuwa S, hasa akiwa na usingizi. 9 tumeianza juzi. 3 bado. Jana kaiandika mchangani na matumbo kushoto, akanitazama, akaifuta kwa kiganja kabla sijafungua mdomo, akaandika nyingine. Nayo ilikuwa kinyume.

Baba Pacha (Gungu, Kigoma)

Hahaha, huyo atafika. Zile kadi ulinunua?

Mama Boti

Sikununua. Nimekata boksi la sabuni. Gundi ndiyo imeniishia kwenye 8.