Matembezi ya Julai, Banana hadi Tigoni, watu 22: njia, viatu na chai

MguuSawa: Habari za jioni wadau. Jumamosi ya pili ya Julai tuko watu 22, mdogo ana miaka 11 na mkubwa 63. Mpango ni kushukia steji ya Banana, huku Kiambu, Kenya, tupande kwa miguu kupitia vijijini hadi Tigoni. Ramani ya simu inasema kilomita 12. Naomba ushauri: njia iko sawa? Gambuti au raba? Na chai tuipate wapi katikati?

Mgongo_wa_Kiambu: Geuza safari. Pandeni matatu za Limuru zinazopitia Banana, mshukie Tigoni, kisha mteremke kwa miguu. Tigoni iko juu ya mita 2,000, na hakuna sababu ya kumpandisha mzee wa miaka 63 mlima akiwa na koti zito.

Lakini kubwa kuliko hilo ni mabonde. Ardhi ya huko imekaa kama vidole vya mkono: migongo inaelekea kusini-mashariki, na kati ya kila mgongo na mwenzake kuna kijito. Ukifuata mgongo, barabara ni mteremko mpole tu. Ukikata kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, unashuka hadi mtoni, unavuka daraja la magogo mahali penye tope kuliko kote, halafu unapanda tena. Simu haijali hayo. Ikiona njia fupi inakuchorea mabonde matatu. Angalia mistari ya mito kwenye ramani kabla ya kuangalia kilomita.

Mwendo: kundi kubwa kwenye tope hesabu kilomita 3 kwa saa. Kwa hiyo 12 ni saa nne, ongeza moja ya mapumziko. Mkianza saa mbili na nusu asubuhi mnamaliza saa saba na nusu mchana. Mwenye mwendo wa pole atangulie, mwenye nguvu afunge nyuma. Wengi hufanya kinyume, kisha kundi linavutika hadi wa mwisho hawaoni njia panda ambayo wenzao wamekata kona.

UdongoMwekundu: Nakubali kuhusu migongo, ila kuteremka nako kuna adhabu yake. Julai si mvua ya kishindo, ni rasharasha. Inalowesha tabaka la juu tu la ule udongo mwekundu, na chini pamebaki pakavu na pagumu, kwa hiyo la juu linateleza kama sabuni juu ya sahani. Watu huanguka wakishuka. Hatua fupi, magoti yamelegea, pita ukingoni penye nyasi, usifuate alama za magurudumu ya boda. Fimbo ya kufika kiwiko inasaidia kuliko viatu vya bei.

Gambuti zinazuia maji, lakini kisigino kinacheza ndani, na baada ya saa moja au mbili malengelenge yanaanza. Anayeng'ang'ania avae soksi mbili. Vizuri zaidi ni viatu vya kamba vyenye meno marefu chini. Raba bapa ziacheni nyumbani. Hata meno nayo hujaa tope, kwa hiyo kila mara gonga soli kwenye jiwe. Ukisikia mguu unaunguza mahali fulani, simama hapo hapo ubandike plasta. Ukingoja chai umechelewa.

MajaniMawili: Msikate katikati ya michai asubuhi. Vichaka vinafika kiunoni na vimebeba umande na ukungu. Mita hamsini tu suruali imelowa hadi mapajani, na jinzi ikilowa haikauki siku hiyo. Isitoshe, mashamba makubwa ni ya watu binafsi, ombeni ruhusa mapema au mbaki barabara za umma. Kwenye lami tembeeni upande wa kulia mkitazama magari, mstari mmoja, wa mbele na wa nyuma wavae rifleksta. Kwenye ukungu dereva haoni koti jeusi.

JikoLaKibanda: Chai: msitokee tu watu 22 kwenye kibanda. Mmoja aende siku moja kabla, aagize, alipe kiasi. Kikombe cha mililita 250 kwa kila mtu ni lita tano na nusu, na mwenye kibanda kawaida ana sufuria la nusu ya hiyo na vikombe kumi na viwili. Kila mtu abebe kikombe chake. Nduma au viazi vitamu vya kuchemsha vinashibisha kuliko mandazi.

MguuSawa: Asanteni sana, tumegeuza. Na baridi kwa huyu wa miaka 11?

UdongoMwekundu: Akitembea hana shida, shida ni akikaa. Sweta la sufu au flisi livaliwe *kabla* ya kuketi, livuliwe mkianza kuondoka, la sivyo litalowa jasho. Fulana ya pamba isiwe karibu na ngozi, inashika maji na kunyonya joto. Marvin (kofia ya sufu) kichwani, soksi za akiba ndani ya mfuko wa nailoni. Akianza kutetemeka, kunyamaza ghafla na kujikwaa, mvueni nguo mbichi, mpeni kitu cha moto chenye sukari, na mtu mzima mmoja ashuke naye barabara kuu wapande matatu. Mchagueni mtu huyo kabla hamjaondoka Tigoni, na nauli yao iwe mkononi.