mw.loader.using au dependencies: ipi inafaa kwa skripti za MediaWiki?

pwani_kodi: Wakuu, naombeni ushauri. Nina skripti kwenye Common.js (ukurasa wa JavaScript ya wiki nzima) ya wiki ya darasa letu inayotumia programu ya MediaWiki, inaongeza kiungo kwenye menyu ya pembeni. Mara inakubali, mara inagoma, na konsoli inaandika `Cannot read properties of undefined (reading 'addPortletLink')`. Nimeweka `mw.loader.load('mediawiki.util')` juu kabisa ili kuita moduli (kifurushi cha kodi) yenye `addPortletLink`, wapi! Wengine wanasema nitumie `using`, wengine niifanye gajeti (skripti iliyosajiliwa kwenye wiki) na kutaja `dependencies` zake. Nifuate lipi?

Bibi_Konsoli: Mwanangu, `load` inaagiza mzigo tu, haingoji ufike. Mstari unaofuata unakimbia huku `mw.util` iko njiani. Siku inayokubali ujue kuna gajeti nyingine imeshaivuta moduli hiyo. Umekula kwa jirani. Kwenye Common.js hakuna pa kutangaza mategemeo (dependencies, yaani moduli ambazo skripti inazihitaji), kwa hiyo tumia `using`, inayongoja moduli ifike:

```
mw.loader.using('mediawiki.util').then(function () {
  mw.util.addPortletLink('p-tb', '#', 'Orodha ya darasa');
});
```

fundi_gajeti: Bibi, hapo tutabishana kidogo. Kama ana ruhusa, aihamishie Gadgets-definition, ukurasa wa kusajili gajeti:

```
* orodha[ResourceLoader|dependencies=mediawiki.util]|orodha.js
```

ResourceLoader, sehemu ya MediaWiki inayopakia moduli, inajua mapema nini kinahitajika, inavileta kwa mpigo mmoja. `using` inaanza kuomba baada ya skripti yenyewe kufika, yaani safari ya pili kwenye seva. Kwa bando la simu utaihisi.

Bibi_Konsoli: Kwa `mediawiki.util` nakubali. Lakini dirisha la `oojs-ui-windows` ambalo mtu analifungua mara moja kwa wiki, kwa nini kila msomaji abebeshwe? Hilo liite kwa `using` pale kitufe kinapobofywa.

pwani_kodi: Nimehamisha. Sasa gajeti haionekani kabisa, afadhali jana! Kuna onyo la njano: `Skipped unavailable module ext.gadget.orodha`.

fundi_gajeti: Tegemeo moja lisipojulikana, gajeti nzima inarukwa. Nakili jina kama ulivyoliandika, uliweke kwenye `mw.loader.getState('...')`. Ikijibu `null`, wiki hailijui: umekosea herufi, au ni moduli iliyokwisha kuondolewa. Mafunzo ya zamani bado yanataja `mediawiki.RegExp`, wakati kazi yake siku hizi iko `mw.util.escapeRegExp`.

pwani_kodi: `null`. Niliandika `mediawiki.utils`. Hiyo «s» imenila jioni nzima.

Bibi_Konsoli: 😂 Karibu chamani.